Anza pale jengo jipya linapokutana na la kale

Nilipopewa kwa mara ya kwanza kazi ya kusanifu nyongeza ya maktaba ya umma yenye kuta nene za matofali na chokaa, nilitumia wiki nyingi kuchora sura ya mbele, na kiungio cha majengo mawili nikakiacha hadi mwisho. Mvua za kwanza zilipokwisha, ufa mwembamba ulikuwa umepanda kando ya dirisha la kale, na chini yake rangi ilikuwa imevimba kwa unyevu. Jengo la kale lilikuwa limekwisha kutulia juu ya udongo wake. Letu lilikuwa bado linatitia, nasi tulikuwa tumeyafunga pamoja kwa zege. Siku hizi huyaachanisha, kila moja na msingi wake, kisha nikaziba mwanya kwa vioo na paa jepesi linaloweza kucheza kidogo bila kuvuja. Ukuta wa chokaa nao ukarabatiwe kwa chokaa, kwa sababu saruji huuzuia kupumua na unyevu hubaki ndani yake.

Kuhusu sura, Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka nyongeza isivuruge uwiano wa jengo wala uhusiano wake na mazingira, lakini hilo halimaanishi kuiga. Maktaba ya Umma ya Boston, ambayo jengo lake la kale lilifunguliwa mwaka 1895, iliongezewa jengo la msanifu Mmarekani Philip Johnson mwaka 1972. Alifuata kimo cha jengo la kale na kutumia graniti inayofanana na yake, na hapo namsifu sana. Hata hivyo upande wa barabarani ulijifunga mno, hata ukarabati uliokamilika 2016 ukaufungua kwa vioo angavu.

Vitabu vihamishieni kwenye jengo jipya. Sakafu ya rafu zilizosongamana husanifiwa kubeba takriban kilo 700 kwa kila mita ya mraba, zaidi ya maradufu ya ukumbi wa kusomea, na mbao za kale hazistahili mzigo huo. Waachieni wasomaji ukumbi wa kale na mwanga wake.

Tena pimeni kimo cha sakafu zote mbili, ya kale na ya jipya, kabla ya kuchora chochote. Mkutubi mmoja aliwahi kunionyesha toroli lake la vitabu likikwama kwenye kizingiti cha sentimita tatu nilichokichora mwenyewe. Kila asubuhi alilazimika kuliinua kwa mikono miwili.