Swali la Lugha: Vipuri, Vifaa au Sehemu za Kompyuta?

Msomaji anaandika: “Ninaandaa mwongozo wa kumsaidia kijana mwenye fedha kidogo achague vitu vya kuundia kompyuta ya kuchezea gemu. Vitu hivyo niviite vipuri, vifaa au sehemu? Na kazi yenyewe ni kutengeneza, kuunda au kuunganisha?”

Vipuri ni vitu vinavyochukua nafasi ya vilivyoharibika au kuchakaa, na kwa sababu hiyo huuzwa kwa mwenye gari, pikipiki au mashine ambayo tayari anayo. Kompyuta ambayo bado haijaundwa haina kipuri hata kimoja. Kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini) ileile itaitwa kipuri kwa anayebadilisha iliyoungua, lakini kwa kijana wako anayeanza na meza tupu itakuwa sehemu.

Vifaa ni neno pana mno. Hubeba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, lakini hubeba pia bisibisi, kibodi, kipanya na visikizi, na katika mwongozo wa bajeti upana huo una gharama, kwa kuwa msomaji akiambiwa kwamba “vifaa vyote” vimekwisha kuhesabiwa ataamini kwamba skrini imo, kisha agundue baada ya kulipa kwamba haimo. Ningeshauri uite sehemu vile vinavyokaa ndani ya kasha, yaani prosesa, ubao mama (unaopachikwa sehemu nyingine), RAM (inayoshika kazi inayoendelea kompyuta ikiwa imewashwa), kadi ya michoro, hifadhi (ya kuwekea mafaili) na pawa saplai (inayogawa umeme). Neno vifaa liwe la vile vya nje, navyo vitengewe fedha zake peke yake. Jihadhari tu na muundo wa sentensi, kwa maana ukiandika “sehemu za kununua”, wengi wataelewa kwamba unataja maduka. Andika “sehemu za kompyuta” au “sehemu zinazohitajika”, na utata utaondoka.

Kuhusu kitenzi, kutengeneza si kosa, lakini kuna utata: mtu akisema “nimetengeneza kompyuta”, jirani yake huenda akamuuliza ilikuwa na ubovu gani. Kuunda ni kitenzi cha siku nyingi katika mwambao, ambako mafundi huunda majahazi, na kinafaa sana kwa kazi nzima kuanzia kuchagua hadi kuwasha. Kuunganisha ni kile kitendo cha mezani cha kupachika prosesa, kufunga skurubu na kuchomeka nyaya. Ndicho kitenzi tunachokitumia tunapozungumzia viwanda vya kuunganisha magari vya Thika na Mombasa. Vyote viwili vibaki katika mwongozo wako, kila kimoja mahali pake.

Hukuuliza kuhusu neno “kumbukumbu”, ila naona ni lazima nilitaje, kwa sababu ndilo neno litakalompotosha mnunuzi kuliko mengine yote. “Kumbukumbu ya GB 500” ni nini? Wapo wanaoiita RAM kumbukumbu, na wapo wanaoita hivyo mahali pa kuhifadhia mafaili, hasa waliozoea memori kadi za simu. Andika “RAM ya GB 16” na “hifadhi ya SSD ya GB 500”, SSD ikiwa ni aina ya hifadhi. Usiishie kwenye ukubwa. Prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo wenye bajeti ndogo huipenda, hukaa kwenye ubao mama wenye soketi ya AM4, na ubao huo hupokea RAM ya kizazi cha DDR4 peke yake. Ya kizazi kilichofuata, DDR5, haiingii hata kidogo. Ukimwambia kijana “nunua RAM mpya” ukiwa na maana ya ambayo haijatumika, anaweza kuelewa kwamba unataja ya kizazi cha karibuni, akarudi na DDR5. Sema “RAM ya DDR4 ambayo haijatumika”, au, kama ya mtumba inatosha, sema hivyo waziwazi.

Neno “rahisi” nalo lina maana mbili, ya bei na ya ugumu wa kazi. “Kadi rahisi” inaacha swali. “Kadi ya bei nafuu” au “kadi iliyo rahisi kuipachika” inajibu. Tena, bei nafuu isichanganywe na ubora duni, hasa kwenye pawa saplai, kwa kuwa iliyo duni ikiharibika inaweza kuunguza na sehemu nyingine, na hapo ndipo kijana atakapohitaji vipuri kwa maana yake halisi.

Sentensi ya kufungulia mwongozo ningeiandika hivi: “Ili kuunda kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo, chagua kwanza sehemu zinazopatana, ukitenga fungu kubwa zaidi la fedha kwa ajili ya kadi ya michoro, weka kando fedha za skrini na vifaa vingine vya nje, kisha ndipo uanze kuziunganisha sehemu hizo.”