Jibu: Nyani wa langoni Nakuru wamezaliwa wajeuri?

Ndugu, umeuliza mbona nyani wa langoni pale Hifadhi ya Ziwa Nakuru hurukia magari ilhali wenzao wa kule ndani humkimbia mtu, na kama wamezaliwa hivyo. Ya langoni kwa sehemu kubwa ni mazoea. Nyani akishapokonya ndizi mara moja dirishani, utamwambia nini tena? Na mtoto aliye mgongoni mwa mama anaona kila kitu.

Ila hulka ya mnyama mmoja mmoja ipo kweli, na mazingira huichuja. Uholanzi watafiti walipima ndege wadogo wa msituni: wengine wepesi kupeleleza mahali pageni, wengine wazito, na hulka hiyo kwa kiasi hurithiwa. Mwaka wa mbegu tele hupona zaidi aina moja, mwaka wa njaa aina nyingine, tena madume na majike hupishana. Ndiyo maana zote mbili zipo hadi leo.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha Maasai Mara, kwa nyani aliowachunguza mtafiti Mmarekani Robert Sapolsky. Miaka ya 1980 madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii. Wakapata kifua kikuu humo, wakafa. Wakabaki majike na madume wapole, kundi likatulia. Miaka kama kumi baadaye madume wote walikuwa wahamiaji kutoka makundi mengine, na upole ulikuwa uleule. Hao hawakuurithi kwa damu.