Wakili kajitoa, ada nadaiwa yote?

SWALI: Kesi yangu ya kiwanja cha Pongwe tulipatana shilingi 3,000,000, nikalipa 1,800,000. Wakili ameandika hati ya madai na kuhudhuria mara mbili, kisha kajitoa. Sasa anadai 1,200,000 iliyobaki na amekaa na hati yangu ya kiwanja. Nifanyeje? Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Pole sana. Usilipe kwanza, na usimkatalie kila kitu. Soma mkataba wenu: je, ile milioni tatu ilikuwa ya kesi nzima hadi hukumu, au ya kila hatua? Kama ni ya kesi nzima naye kaondoka njiani bila kosa lako, dai la salio lote ni dhaifu. Anachostahili ni malipo ya kazi aliyoifanya. Lakini kama alijitoa kwa sababu hukumlipa kwa wakati, hoja yako inapungua nguvu.

Mwandikie barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ukitaka ankara yenye mchanganuo: tarehe, kazi, kiasi. "Huduma za kisheria" peke yake si mchanganuo. Mkishindwana, ankara hupelekwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu, anayeithamini kwa Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015. Hapo risiti zako ndizo zitakazosema. Fedha uliyompa mkononi bila risiti ni taabu kuithibitisha.

Hati anaweza kuishikilia kwa ada halali ambayo hujalipa, ila hawezi kuiuza wala kuiweka rehani. Na tarehe ya kesi usiikose: mahakama haikungoji mmalize ugomvi wa ada.