Modeli nimeipogoa, mbona bado inajikokota?

SWALI: Modeli yangu ya kutambua picha kwenye simu ni MobileNetV2. Nimeipogoa kwa kugeuza asilimia 80 ya uzani wake (namba ilizojifunza) kuwa sifuri, lakini kasi ni ile ile. Nikashusha namba zake kutoka biti 32 hadi 8 kila moja, usahihi ukaporomoka. Nakosea wapi?

JIBU: Sifuri zako bado zinazidishwa. Tabaka (hatua moja ya hesabu) la 1×1, yaani linalotazama nukta moja moja ya picha, lenye chaneli (ramani za sifa za picha) 96 zinazoingia na 576 zinazotoka lina uzani 55,296, na prosesa huupitia wote hata kama mwingi ni sifuri zilizotapakaa ovyo. Ulichopunguza ni ukubwa wa faili, tena ukilizipu tu. Ng'oa chaneli nzima nzima. Anza na zile 576 za katikati ya bloku (kundi la matabaka matatu: la kupanua 96 kuwa 576, la 3×3, na la kurudisha 96): ukibakiza 288, matabaka yote matatu ya bloku hiyo yanapungukiwa nusu ya kazi. Zile 96 usiziguse kwanza, kwa sababu ingizo la bloku hujumlishwa na tokeo lake, na idadi zisipolingana modeli haiendi. Pogoa kidogo, funza tena, ndipo upogoe tena. Asilimia 80 kwa mkupuo mmoja ni kuchinja.

Sasa biti 8. Shaka yangu kubwa iko kwenye matabaka ya 3×3 ambayo kila chaneli ina kichujio chake peke yake. Tuseme chaneli moja ina uzani kati ya -6 na 6, jirani yake kati ya -0.05 na 0.05. Ukizipa kipimo kimoja cha kuzigeuza kuwa namba za biti 8, zinazofika 127 kila upande wa sifuri, hatua ni 6/127, yaani kama 0.047. Jirani huyo anabakiwa na thamani tatu tu: -0.047, 0 na 0.047. Amekuwa bubu! Mpe kila chaneli kipimo chake. Kwa namba zinazopita kati ya matabaka, pima masafa (kutoka ndogo hadi kubwa kabisa) kwa picha halisi 200 hadi 500, zikiwemo za giza na zenye ukungu. Usahihi usiporudi, funza raundi chache huku ukiiga ule ukadiriaji wa biti 8, kwa hatua ndogo za kujifunza.

Ila kabla ya yote hayo, kagua maandalizi ya picha. Modeli iliyofunzwa kwa pikseli za -1 hadi 1 ikilishwa 0 hadi 255, au nyekundu na bluu zikabadilishana nafasi, huboronga hata kwa biti 32.

Kasi ipime kwa picha moja moja, tupa majaribio 20 ya mwanzo, uchukue muda wa katikati (median) wa 100 yanayofuata. Simu ikiwa ya moto, iache ipoe. Joto hupunguza mwendo wa prosesa.