Mume yupo kwenye dozi, kliniki wanataka twende wote wawili: je nitakuwa natoa siri za ndoa?

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Mie nipo Tanga, Makorora, ndoa ina miaka sita na watoto wawili. Mume wangu alikuwa anatumia unga, yaani heroini, sasa huu mwezi wa tano yupo kwenye dozi ya methadoni pale hospitali ya Bombo na anaendelea vizuri alhamdulillah, ila ndani hatuelewani kabisa, akichelewa kidogo tu namfunua macho kwa tochi ya simu nione kama katumia, pochi nalala nayo, maana alishawahi kuniuzia mpaka sufuria langu la maandazi. Mshauri wa kliniki kasema tuende wote wawili. Mama mkwe kasema hizo ni siri za ndani, halafu mgonjwa ni mwanawe mie naenda kufanya nini. Na wengine wanasema methadoni nayo ni unga tu, haramu.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu. Nianze na la mwisho maana ni fupi. Methadoni na heroini ni ukoo mmoja, hilo kweli, lakini hii anainywa kwa kipimo mbele ya mhudumu, inakaa mwilini kutwa kucha, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inatulia na mtu anabaki na akili zake anaweza kwenda kazini. Hiyo ni tiba, na Mtume s.a.w. katuamrisha tujitibu. Asije akaiacha ghafla kwa maneno ya barazani.

Sasa siri. Ile hadithi ya Muslim inamkemea mtu anayelala na mkewe kisha akatoka kwenda kuyatangaza, wewe hutangazi, unapeleka ugonjwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuufunika. Na Suratun Nisaa aya ya 35 inasema mkichelea mfarakano leteni muamuzi kwao mume na muamuzi kwao mke. Najua mshauri si jamaa yenu, utaniambia shekhe aya inataka jamaa, sawa, lakini jamaa ndio huyo mama mkwe na maneno yake umeshayasikia.

Na hapo kwa mama mkwe niseme kitu, sisi watu wa pwani tuna hii tabia ya "muozeni atatulia", kijana teja anatafutiwa binti wa watu kama vile mke ni dawa. Mie mwenyewe nimeshafungisha nikaha ya namna hiyo, nilijua na nikanyamaza, yule binti alirudi kwao kabla ya mwaka na mpaka leo nikimuona sokoni naangalia chini. Kwahiyo ukiambiwa mgonjwa ni yeye peke yake usikubali, wewe unayelala na pochi nawe umeumia.

Huko mkienda pengine mtafundishwa jambo moja, lilianza na ndoa za walevi wa pombe likaja mpaka kwenye unga. Kila siku kwa wakati ule ule mliokubaliana, mie nawashauri baada ya Subhi kabla watoto hawajaamka, mume anakaa anasema leo sitatumia na dozi nitakunywa, mke anamwambia ahsante kwa jana, basi, mnaandika kwenye kalenda mnanyanyuka. Ya sufuria hayaguswi hapo wala hofu ya kesho, yanangoja siku ya mshauri. Na tochi unaiweka chini, kwasababu mtu akishaahidi kwa mdomo wake kila asubuhi huna tena haja ya kuwa polisi, na yeye hana haja ya kuchelewa kurudi akikwepa polisi.

Ila kama anakupiga, mwambie mshauri ukiwa peke yako kwanza, kikao cha wawili si mahali pa mke anayeogopa kipigo cha njiani wakirudi. Hakuna kudhuriana kwenye dini yetu, na mke wa Thabit bin Qays, sahaba wa Mtume, alirudisha shamba alilopewa mahari akapewa khului yake, yaani kuachwa kwa ombi la mke, bila kuambiwa vumilia. Sikuambii uende kwa kadhi, nakuambia mlango upo. Pia kapimeni virusi vya UKIMWI na homa ya ini nyote wawili, sindano za kuchangia zinaleta vitu nyumbani.

Kuhusu sufuria: mali ya mke ni ya mke, hilo ni deni. Likizungumzwa huko kwa mshauri aanze kulipa, hata elfu mbili kwa wiki.