Maswali ya Datsun 240Z: kabureta zinasingiziwa

Safari hii nimechagua maswali ya Datsun 240Z peke yake, lile gari dogo la michezo la Kijapani. Naona magari haya yanaumizwa na mikono ya wenyewe kuliko yanavyoumizwa na uzee.

240Z yangu ya 1972 inakohoa nikikanyaga mafuta ghafla. Gereji wamenishauri nitoe kabureta zote mbili nifunge moja ya pikapu. – Nakuru

Usizitoe. Na hao waliokushauri, waulize walipima nini kabla ya kuzihukumu kabureta. Zile kabureta za Hitachi zimeundwa kwa mtindo wa kabureta za SU za Uingereza: pistoni inapanda na kushuka, na sindano yake inafungulia petroli. Vya kuharibika humo ni vichache. Lakini kwa kuwa ziko mbili na ndizo za kwanza kuonekana ukifungua boneti, kila ugonjwa wa injini unabandikwa kwao.

Fuata utaratibu. Injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha juu upime nafasi za tapeti, yaani za valvu: milimita 0.20 upande wa kuingizia, 0.25 upande wa ekzosi. Nenda kwenye pointi za distribyuta, nafasi yake iwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Angalia plagi na nyaya zake, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Hapo ndipo una ruhusa ya kushika kabureta.

Kwa kikohozi chako, ukifika huko, juu ya kila kabureta kuna kizibo kinachofunguka kwa vidole. Kivute polepole, kitatoka na kijiti chembamba. Kijiti kikitoka kikavu, mchawi umeshampata. Humo hukaa oili nyepesi, SAE 20, ndiyo inayoizuia pistoni isiruke unapokanyaga. Ikiisha, hewa inaingia nyingi kuliko petroli na injini inakohoa kama ulivyoeleza. Jaza mpaka kwenye alama ya kijiti, usipitishe. Halafu toa chujio la hewa, ingiza kidole mdomoni mwa kabureta, inua pistoni na uiachie. Lazima ishuke yenyewe mpaka chini, utasikia "tak". Ikinata, safisha kwa petroli na kitambaa laini. Msasa usiukaribishe kabisa.

Kusawazisha kabureta mbili hakuhitaji mashine. Chukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta huku injini ikiunguruma taratibu. Sikiliza mvumo wa ya kwanza, hamia ya pili, rekebisha mpaka mivumo ilingane. Mimi hufanya hivyo asubuhi mapema, kabla mtaa haujaamka.

Oili gani? – Wengi

20W-50 ya madini, yenye zinki ya kutosha kuilinda kemshafti. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Tafadhali liandikeni ukutani gereji.

Linachemka kwenye foleni. Nimetoa themostati lakini bado linachemka. – Mombasa

Kwa sababu hukugusa kilichokuwa kinalichemsha. Barua za namna hii zinanichosha, maana zote zinaanza na themostati kutolewa na hakuna hata moja inayosema rejeta iliangaliwa. Irudishe themostati. Bila hiyo, injini haifikii joto lake ukiwa barabara ndefu, na foleni itaendelea kukutesa.

Sasa tafuta chanzo. Kama umekuwa ukijaza maji ya kisima, rejeta imejaa magamba ya chumvi. Zungusha feni kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa. Ikizunguka bure kama pangaboi, klachi yake imekufa. Taimingi iliyochelewa nayo huchemsha, na hapo tunarudi kwenye kupima. Usipuuze, bwana. Injini hii ina bloku la chuma na kichwa cha aluminiamu, na kichwa kikichemka mara kadhaa kinapinda. Na mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa tambara.

Shikamoo. Marehemu baba ameniachia 240Z, imelala chini ya mwembe miaka minane. Betri mpya ninayo, kesho nataka kuiwasha. – Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usiiwashe kesho.

Toa plagi zote sita. Mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi katika kila tundu, acha ilale siku mbili. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, taratibu. Ikigoma, usilazimishe; ongeza oili na usubiri. Wakati huo mwaga petroli yote. Ukiinusa itakuwa na harufu ya vanishi, na hiyo ikifika kwenye kabureta ndipo utakapoambiwa kabureta ni mbovu. Badilisha chujio, badilisha mipira yote ya petroli, badilisha oili. Ndipo uipige stata bila plagi, mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Mafuta ya breki nayo mwaga yote, yameshanyonya maji.

Huo mwembe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Majani yake yanaingia kwenye matundu ya chini ya wipa, yanaoza, yanaziba njia ya maji, na maji yanashukia sakafuni. Inua zulia, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Ikilia "kang" shukuru. Ikilia kama boksi la karatasi, tafuta fundi wa kuchomelea kabla ya fundi wa injini. Angalia na chini ya betri.

Watakuja watu kukuonea huruma na kutaka kulinunua kwa bei ya chuma chakavu. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Wao wanalijua hilo. Usiuze kwa haraka.

Naweza kufunga injini ya Toyota? – Dar es Salaam

Unaweza. Usifanye, na kama umeshafanya, ile injini ya asili ya silinda sita usiitupe.

Harufu ya ekzosi inaingia ndani nikishusha vioo. – Arusha

Ni mipira ya mlango wa nyuma na ile iliyo nyuma ya taa za nyuma. Gari likienda, nyuma yake hewa inavuta moshi kuurudisha ndani, na vioo vikiwa wazi ndiyo zaidi. Badilisha mipira wiki hii na kagua ekzosi kama imetoboka. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu, kwa hiyo usijipime kwa pua. Watoto wasipande humo mpaka umalize.

Sina stendi za kuegemeza gari nikiingia chini yake. Matofali yanatosha? – Morogoro

Hayatoshi. Tofali la saruji halikupi onyo, linapasuka mara moja. Langu lilipasuka nikiwa nimetoka chini ya gari kufuata spana ya 14, na gari likakalia tairi la spea nililokuwa nimelilaza pembeni. Rimu ilipinda. Nunua stendi mbili za chuma, zuia magurudumu yaliyobaki chini, tikisa gari kwa mikono miwili kabla hujaingia, na tairi la spea lilaze palepale chini ya ubavu wa gari.