Antena Kubwa na Msufi Uliopukutika Majani

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Kahama, fundi anayeanza kazi, ambaye anataka kuunganisha duka na ghala la mteja wake kwa mtandao usiotumia waya. Umbali ni mita 400. Hakueleza lolote kuhusu majengo yenyewe. Aliuliza tu kama antena ya dishi ya desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kwa antena huonyesha inavyoyabana kuelekea upande mmoja) inatosha au atafute kubwa zaidi, kwa kuwa mteja ana fedha na yeye hataki kuaibika. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, nikajiona mimi mwenyewe mwaka 2016 nikishuka kwenye basi pale Morogoro na maboksi mawili ambayo kondakta alikuwa ameyatoza nauli ya abiria wawili.

Wengi mnaosoma hapa mnatamani nilichokitamani mimi wakati ule: jina la kampuni yako ubavuni mwa gari, na mteja wa kwanza anayekutangaza kwa wa pili. Mteja wangu wa kwanza mkubwa kilikuwa chuo kimoja cha binafsi ambacho sitakitaja. Jengo lake la utawala lilikuwa na intaneti nzuri, na maabara yake ya kompyuta, iliyokuwa umbali wa kilomita 1.2, haikuwa na chochote. Nilipanda juu ya paa la utawala mwezi Agosti, nikaliona bati la buluu la maabara kati ya matawi ya msufi mkubwa uliosimama njiani, nikasema tunaonana, nikashuka kuandika bei. Upimaji wangu wote haukuzidi muda wa kumaliza soda.

Antena nilizozichagua zilikuwa mbili za wavu, za masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, ya gigahezi 2.4, kila moja ikiwa na desibeli 24. Kama ungeniuliza kwa nini hizo, ningekupa maelezo marefu, lakini ukweli ni kwamba ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote katika duka nililoingia Kariakoo. Redio zenyewe, yaani vifaa vinavyorusha na kupokea mawimbi, niliziweka ndani ya ofisi kwa kuogopa jua na wezi, kisha kila upande nikavuta mita 12 za waya mwembamba, ule unaoitwa RG-58, kutoka kwenye redio hadi kwenye antena juu ya paa. Siku ya kuwasha, redio ilisoma nguvu ya mawimbi ya desibeli hasi 60 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), na mtandao ukapita. Mkuu wa chuo alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wake, nami nikalala usiku huo nikijihesabu mhandisi.

Mvua za vuli zilipoanza, mtandao ukapungua kasi. Ilipofika masika ukawa unakatika mchana kutwa, na redio ilikuwa ikisoma chini ya hasi 80 pale ilipokubali kusoma. Hapa ndipo penye jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Nilikiandikia chuo barua rasmi, yenye muhuri, nikieleza kwamba mvua ya Morogoro ni nzito na inakula mawimbi, na kwamba dawa yake ni kununua antena kubwa zaidi. Niliambatanisha na bei.

Mvua haikuwa na kosa. Katika masafa ya gigahezi 2.4, na hata 5.8, mvua kubwa kwa umbali wa kilomita moja haipunguzi mawimbi hata kwa desibeli moja kamili. Huanza kuwa adui wa kweli katika masafa ya juu ya gigahezi 10. Kilichobadilika kilikuwa ni msufi. Msufi hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi, na mimi nilikuwa nimepanda juu ya paa wakati mti uko uchi. Mvua zilipokuja ukavaa majani, majani yakalowa maji, na maji yaliyotanda juu ya maelfu ya majani ndiyo yanayomeza mawimbi ya redio. Kila asubuhi nilipita chini ya mti huo nikienda kurekebisha mtandao, na sikuwahi kuinua macho.

Chuo hakikununua antena zangu kubwa zaidi. Kilimwita fundi mwingine kutoka Dar es Salaam, ambaye alikuja na begi moja la mgongoni. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili vidogo vya bapa, redio na antena zikiwa kitu kimoja, vya gigahezi 5.8 na desibeli 16 tu. Alihamisha kituo cha utawala kutoka katikati ya paa hadi pembe yake ya mashariki, akasimamisha mlingoti wa bomba, na mawimbi yakapita kando ya msufi bila kuugusa. Alimaliza kabla ya adhuhuri. Salio la malipo yangu halijalipwa mpaka leo, na antena zangu za wavu, nilivyosikia, zilibaki kwenye stoo ya chuo zikianikiwa nguo za walinzi. Nimesema nimesamehe, lakini kila nipitapo barabara ile hugeuza uso upande wa Uluguru.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu niliyoifanya baadaye, ambayo ningeweza kuifanya kwa dakika kumi kabla ya kununua chochote. Mawimbi yakisafiri kilomita 1.2 hewani katika gigahezi 2.4 hupoteza takriban desibeli 102. Katika gigahezi 5.8 hupoteza takriban 109. Chukua redio inayotoa desibeli 20, ongeza antena mbili za 24, toa 102, na unapata hasi 34, yaani nguvu nyingi kupita mahitaji. Lakini waya ule mwembamba hula takriban desibeli moja kwa kila mita katika masafa hayo. Mita 12 huku na mita 12 kule ni desibeli 24. Nilikuwa nimenunua antena mbili kubwa, na moja nzima ilikuwa ikifanya kazi ya kulipia nyaya zangu. Hesabu yangu halisi ilikuwa hasi 58. Sasa fanya hesabu ya yule fundi wa begi: 20, jumlisha 16 mara mbili, toa 109, unapata hasi 57. Vibapa vyake vinavyoenea kwenye kiganja vilifikisha nguvu ileile iliyofikishwa na mizigo yangu ya nauli ya watu wawili, kwa sababu redio yake ilikuwa juu pamoja na antena, na kilichoshuka ndani ya jengo ni waya wa kawaida wa mtandao unaopeleka data na umeme pamoja hadi mita 100 bila kugusa desibeli yoyote.

Antena haizalishi nguvu. Inachukua nguvu iliyopewa na kuielekeza, kama mtu anayeziba mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani ili maji yafike mbali. Maji hayajaongezeka, yamebanwa tu. Ndiyo maana desibeli zikiongezeka, mwale hupungua upana. Dishi la desibeli 30 katika masafa ya gigahezi 5 lina mwale wa nyuzi kama 5 tu, na mlingoti ukipepesuka kwa upepo au ukilegea kwenye kiungo, mwale huo unakwenda kumsalimia jirani. Upande wa pili wa jambo hilo ni antena ya pande zote, ambayo watu huipenda kwa sababu haihitaji kulengwa. Ukiwa na majengo mawili tu, antena hiyo inamwaga nguvu zako mtaa mzima na inasikia kelele za waifai ya kila nyumba, na katika gigahezi 2.4 mna chaneli tatu tu zisizoingiliana.

Kisha kuna suala la kuonana, ambalo nililichezea kwa jicho. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanahitaji nafasi iliyovimba katikati kama yai refu, na nafasi hiyo imepewa jina la Fresnel, mwanafizikia wa Ufaransa wa karne ya 19. Kwa kilomita 1.2, nusu kipenyo chake katikati ya njia ni kama mita 6 katika gigahezi 2.4 na mita 4 katika 5.8, na inatakiwa angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo hicho iwe wazi. Kuona bati la buluu kati ya matawi si kuonana.

Niruhusuni nichepuke kidogo. Antena ile ya juu ya mapaa yetu inayofanana na mfupa wa samaki, tuliyoizungusha utotoni huku mtu akipiga kelele kutoka sebuleni kwamba picha imekuja, inaitwa Yagi duniani kote. Ilielezwa Japani mwaka 1926 na watu wawili, Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilifanywa na Uda. Sifa ikabaki na Yagi. Mimi sikugundua kitu, lakini mlingoti wa upande wa maabara aliouona fundi wa Dar es Salaam na kuutumia vilevile ulivyo, niliusimamisha mimi, na ulikuwa umenyooka.

Kwa hiyo, vijana, pandeni juu ya paa. Pandeni majengo yote mawili, na mpande mara mbili. Ulizeni mti unaouona ni mti gani na huwaje wakati wa masika. Pimeni masafa yaliyojaa mtaani kabla ya kuchagua yenu, wekeni redio juu karibu na antena, zungusheni konekta zote tepu ya mpira kwa sababu maji yakiingia humo mtamsingizia Mungu mvua yake, na hakikisheni antena za pande zote mbili zimesimama kwa mkao mmoja, kwani moja ikilala na nyingine ikasimama mnaweza kupoteza desibeli 20 bila kuelewa zimekwenda wapi. Antena inunuliwe mwisho. Anayeanza na antena anajitafutia sifa.

Kijana wa Kahama nimemweleza kwamba kwa mita 400 anapoteza desibeli kama 100 katika gigahezi 5.8, na kwamba vibapa viwili vya desibeli 16 vitamfikisha kwenye hasi 48, wakati madishi yake mawili yatailetea redio hasi 20, sawa na kumpigia mtu kelele ndani ya sikio. Nilimwomba apande juu ya ghala na kunitumia picha ya njia nzima. Ameituma jana. Mti haumo, ila katikati ya picha kuna jengo la ghorofa moja lililoishia kwenye lenta, nguzo zake zikiwa na nondo zilizochomoza juu kwa urefu wa mtu. Nimemjibu kwamba kabla ya kwenda dukani amtafute mwenye jengo hilo, amuulize anakusudia ghorofa ngapi.